Muulize Bwana Shamba: Gugu gani hili limeingia shambani kwangu?

Mwezi huu maswali ya magugu yamejaa kupita kiasi, mvua imenyesha na kila mtu ameamka asubuhi akakuta kitu kimeota asichokijua. Nimechagua machache. Ila kabla sijaanza, jamani, hizi picha. Nusu ya picha mnazotuma ni jani moja limeshikwa kwa kidole gumba, nyuma giza, alafu swali "bwana shamba hili ni gugu gani". Jani moja linadanganya sana. Nipigie mmea mzima ukiwa umesimama, nipigie ua kama lipo, alafu ung'oe mmoja unioneshe mzizi, na ukate shina unioneshe pale ulipokata. Ukishajua shina ni la pembe tatu, pembe nne au duara tu, na mzizi una nini, mara nyingi unajijibu mwenyewe bila kunisubiri mwezi mzima.

Swali: Shikamoo bwana shamba. Niko Usa River huku Arusha, kuna majani yalianza pembeni ya barabara sasa yameingia mpaka kwenye maharage, yanafanana kabisa na karoti. Mama mkwe anasema ni pakanga, tuyachemshe tunywe. Mimi nikiyapalilia mikono inawasha mpaka usiku, na mtoto wangu ana pumu, siku hizi inambana zaidi. Ni nini hiki?

Jibu: Marahaba mama. Msichemshe, na mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba hiyo sio pakanga, hilo ni gugu karoti, kitaalamu Parthenium hysterophorus, asili yake ni Amerika huko pande za Ghuba ya Meksiko, na hapo kwenu Arusha lilionekana mwaka 2010, tangu hapo linasafiri na matairi ya magari, na tope, na mchanga wa kujengea, na majani ya ng'ombe yanayonunuliwa mbali.

Nikueleze namna ya kulitambua ili usitegemee rangi peke yake. Likiwa changa majani yote yamelala chini yamezunguka kama sahani, yamechanwachanwa, na yana vinyweleo laini ukiyapapasa. Baadae linatoa shina linasimama, mara nyingi linafika kifuani na likipata udongo mzuri linakupita kichwa, na shina lenyewe lina mifereji inayoshuka toka juu hadi chini, unaihisi kwa kidole. Maua ni meupe madogo sana, kila kimoja milimita 4 hivi, ukikitazama kwa karibu kina pembe tano. Hapo ndo pa kumalizia ubishi na mama mkwe: pakanga inanukia kali ukiifikicha na vijiua vyake ni vya njano vimeinama chini. Karoti yenyewe ukifikicha jani inanuka karoti, na ua lake limefunguka kama mwavuli. Kama mbegu zinang'ang'ania kwenye nguo basi hiyo ni kishona nguo, sio hili.

Kuwasha kwa mikono na kubanwa kwa mtoto kunaendana kabisa na gugu hili, lina sumu inayoitwa parthenini, na chavua yake pamoja na vumbi la majani makavu vinachokoza ngozi na mapafu. Kuna watu wanalishika mwaka mzima hawadhuriki alafu siku moja mwili unakataa na toka hapo hawawezi kulisogelea tena, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia "mbona mimi halinifanyi kitu". Mtoto asikae karibu mnapopalilia na mpeleke akaonwe na daktari, umtajie hilo gugu. Na kama mna ng'ombe, akilila maziwa yanakuwa machungu.

Sasa kulitoa. Mmea mmoja unatoa mbegu elfu 15 hadi 25, na unaweza kuanza kutoa maua wiki nne tu baada ya kuota, yaani ukisema "nitapalilia mwezi ujao" umeshachelewa. Ling'oe na mzizi wake udongo ukiwa na unyevu, kabla ya maua, umevaa glovu na mikono mirefu na kitambaa puani. Usilifyeke kwa panga, linachipua upya pale chini na safari hii na matawi mengi zaidi. Ambayo hayajatoa maua unaweza kuyaacha yaoze shimoni, yenye maua usiyapeleke kwenye mboji na usiyarushe barabarani maana ndo utakuwa unampandia jirani. Alafu ile sehemu uliyosafisha usiiache wazi, gugu karoti linapenda mno udongo mtupu, weka nyasi za malisho au kunde au chochote kitakachofunika. Na hiyo kazi ya kando ya barabara haiwezi kuwa yako peke yako, ongea na mwenyekiti wa kitongoji iwekwe siku ya wote, la sivyo utang'oa kwako miaka yote na mbegu zinashuka toka juu kila mvua.

Swali: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mkulima huku Siaya. Mahindi yangu yanadumaa, yananyauka hata mvua ikinyesha, alafu baadae maua ya zambarau yanatokea katikati ya mistari, mazuri kweli. Wazee wanasema shamba limerogwa. Mimi hungoja yatoe maua ndio niyang'oe niyaone vizuri, lakini kila mwaka ni afadhali mwaka jana. Nifanye nini?

Jibu: Salama ndugu yangu. Hakuna aliyekuroga, hiyo ni kayongo kama mnavyoiita huko, Tanzania tunaiita kiduha, na kwa kweli uchawi ungekuwa rahisi kidogo. Hiki ni kimelea. Mizizi yake inajichomeka kwenye mzizi wa mhindi, mtama, ulezi, mpunga wa nchi kavu au muwa, na kunyonya maji na chakula. Ng'oa mhindi mmoja ulionyauka kwa upole sana, tikisa udongo, utaona pale kiduha kilipojishika. Ile yenye maua ya zambarau au waridi na inayofika magotini ndo ya kwenu ukanda wa ziwa, kuna nyingine fupi ya maua mekundu, kiduha chekundu, wanaifahamu sana wa kusini na mashariki ya Tanzania.

Shida ni hii: madhara mengi yanafanyika chini ya ardhi kabla hujaona kitu. Kinakaa huko wiki nne, wiki sita, kinanyonya, na siku unayoona kichipukizi mhindi umeshaumia. Kwa hiyo kung'oa hakuokoi mahindi ya msimu huu, kunaokoa ya miaka ijayo, na hapo ndo kungoja maua kunakugharimu, sababu mmea mmoja unaweza kuangusha mbegu elfu 50 na zaidi, mbegu zenyewe ndogo kama ugoro, na zinalala kwenye udongo zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Ng'oa kabla ya ua kufunguka. Ukikuta kimeshafunga vitumba vya mbegu kiweke kwenye gunia taratibu ukakichome, usikitikise.

Kwa nini mbegu inalala miaka yote hiyo alafu inaamka kwako? Inaamshwa na mhindi wenyewe. Mzizi wa mhindi hutoa kemikali fulani kwenye udongo, strigolaktoni, na mmea wenye njaa ya fosfeti na naitrojeni hutoa kwa wingi zaidi, mbegu ya kiduha ikiisikia inajua chakula kiko karibu, inaota. Hii ndo sababu kiduha kinatesa zaidi mashamba yaliyochoka, na samadi au mbolea vinakipunguza kweli, sio hadithi za wauza mbolea.

Na ndo sababu kuna mimea unayoweza kuitumia kukidanganya. Soya, kunde, pamba na alizeti vinaamsha mbegu za kiduha lakini kiduha hakiwezi kujishika kwenye mizizi yake, kinaota kinakosa pa kunyonya kinakufa. Ukizungusha mazao hivyo misimu kadhaa mbegu zinapungua ardhini. Njia ninayoiamini kuliko zote ni ile inayoitwa push-pull, yaani sukuma-vuta, imetengenezwa huko huko kwenu kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pale Mbita, wakishirikiana na watafiti wa KARI ya wakati huo, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, na wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, kuanzia miaka ya 1990. Unapanda desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, pembeni kote unazungusha majani ya napia au brakiaria. Desmodiamu inaamsha kiduha na kukizuia kisijishike, tena harufu yake inafukuza nondo wa bua, na yule nondo anavutwa na napia kule pembeni. Faida mbili, na ng'ombe wanakula vyote viwili.

Ila nikwambie ukweli ambao kwenye siku za mashambani hausemwi kwa sauti: desmodiamu msimu wa kwanza inakua polepole mno, unatakiwa kuipalilia kwa mkono kama mtoto, ukiiacha magugu mengine yanaifunika na utasema push-pull haifanyi kazi. Ikishashika inakaa miaka. Kama kwenu ni pakavu chagua ile ya majani ya kijani kibichi, inavumilia jua kuliko yenye doa la fedha.

Kuna pia mbegu ya mahindi iliyopakwa imazapiri, dawa ya kuua magugu, Kenya iliuzwa kwa jina la Ua Kayongo. Inasaidia, lakini ukishika mbegu hiyo nawa mikono kabla hujashika mbegu za maharage, ile dawa inaua maharage pia. Na acha kuazimana mbegu za mahindi na jirani mwenye shamba lenye kayongo, na ukitoka kwenye sehemu chafu pangusa jembe na viatu.

Swali: Bwana shamba mambo. Bustani yangu Morogoro imejaa ndago. Nalima leo, wiki ijayo zimerudi nyingi kuliko mwanzo. Nimepiga atrazini wapi. Kuna dawa ya uhakika?

Jibu: Poa kijana. Kwanza hakikisha ni ndago. Kata shina: ndago ni pembe tatu na ndani limejaa, halina uwazi, ukilizungusha kati ya vidole linakwama kwenye kona. Kama shina ni la duara na lina vifundo basi hiyo ni nyasi, na ukichimba ukakuta mizizi myeupe mirefu yenye ncha kali imetambaa pande zote hiyo ni sangari, na tiba yake ni tofauti kabisa.

Ndago chini yake ina viazi vidogo vyeusi vilivyofungwa kama shanga kwenye uzi. Vikiwa vimeungana, cha mbele ndo kinaota na vingine vinalala. Ukipiga jembe unakata ule uzi, na kila kimoja kinajiona mkubwa, kinaota. Ndo maana umelima ukazidisha. Atrazini kwa ndago ni kupoteza hela, dawa ile inasaidia magugu mengine. Inayofika kwenye viazi ni ya kunyonywa na majani ikashuka, mfano glaifoseti, upige ikiwa inakua vizuri na ina majani ya kutosha, sio siku mbili baada ya kulima, na isiguse mboga zako maana haichagui. Utarudia, sio mara moja. Soma lebo na uvae vizuri.

Usipotaka dawa, tumia kiangazi. Lima kwa kina jua likiwa kali, vipindue hivyo viazi vikae juu vikauke, vikikauka vinakufa, lakini ukifanya hivo na mvua iko njiani umevipanda tu. Alafu ndago haipendi kivuli hata kidogo, panda viazi vitamu vifunike ardhi, utaona inavyokonda.

Kwa wale wa sangari, hasa wenye kahawa: usikate kwa jembe la kawaida, kila kipande chenye kifundo kinaota. Tumia jembe la meno, uivute ikiwa ndefu ndefu, uikusanye yote juani.

Swali: Samahani mwalimu, ua langu la michongoma hapa Kilifi limefunikwa na nyuzi za njano kama tambi, hazina majani wala mizizi. Watoto wanazikata wanarushiana. Zitaua michongoma?

Jibu: Zitaua, na waambie watoto waache leo hii, kila kipande wanachorusha kikiangukia mti mwingine kinajishika. Huo ni mlangamia. Kuna aina mbili zinazochanganywa. Ukiwa wa njano au chungwa, mwembamba na laini, unakatika kirahisi, hiyo ni kuskuta, ndo inayotambaa siku hizi kwenye nyua za mijini hata Nairobi na imeshaonekana kwenye kahawa na chai. Ukiwa wa kijani kijani, mgumu kama kamba, unakaa miaka, huo ni mlangamia wa asili wa vichaka vya pwani, na sio wa kuutolea jasho sana labda uwe umepanda kwenye mti wa matunda. Wako kwa maelezo yako ni kuskuta.

Usipoteze muda kuchambua nyuzi. Kata matawi yote iliyoshika, tena shuka chini zaidi ya pale unapoiona kwa sababu vinyonyeo viko ndani ya tawi na vinaweza kuchipua, alafu choma palepale, usiburuze kupitia bustani. Fanya kabla haijatoa vijiua vyeupe, mbegu zake nazo zinakaa ardhini zaidi ya miaka 10. Ukikuta kichipukizi kimetoka ardhini kinatafuta pa kushika kipangue tu, hakina mzizi wa maana, kikikosa mti wa kushika siku chache kinakufa. Kuna watu wanalitupia kwenye ua makusudi eti linapendeza! Miezi kadhaa baadae wananiandikia.

Swali: Mimi ni mfugaji Marigat. Mathenge imeziba njia hadi mtoni. Mbuzi wanakula zile pods meno yanaoza. Tukikata inarudi. Serikali ndio ilituletea hii kitu. Tufanye nini nayo?

Jibu: Pole mzee. Hasira yenu naielewa na mahakama pia iliisikia, mwaka 2006 watu wa Baringo walikwenda kortini wakampeleka na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Mti wenyewe Kenya ulipandwa Bamburi mwaka 1973 kufunika machimbo ya saruji, na huko kwenu ukaletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa. Mwaka 2008 ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Kwa wasomaji wasioujua, msiuchanganye na mgunga. Mathenge tawi lake linakwenda zigizaga, miiba iko miwili miwili pale jani linapotokea, ua ni refu la njano lililosimama kama mswaki wa kuoshea chupa, na ganda lake ni la njano, tamu, na halipasuki lenyewe likikomaa. Miti mingi ya jamii ya mgunga ganda linapasuka au ua ni la duara.

Mkikata juu ya ardhi mnaupogoa tu, unarudi kichaka. Shina likatwe chini ya usawa wa ardhi, chimba kidogo mpaka sehemu inayochipulia ipite, ndo ukate. Miche midogo ing'olewe kila baada ya mvua, hiyo ndo kazi rahisi na ndo inayosahaulika. Anzeni na njia na kingo za mto na malisho bora, msianze na msitu mnene, mtachoka. Maganda sasa: mbuzi akila zima zima mbegu inapita tumboni inatoka hai na mbolea yake juu, kwa hiyo mbuzi wenu ndo wapandaji wakubwa. Yakusanyeni, yakaushwe, yasagwe mpaka mbegu zivunjike, hapo ni chakula kizuri cha mifugo, ila kichanganywe, kisizidi robo ya wanachokula, sukari ile ndo inayoharibu meno. Mkaa wake ni mzuri na una soko, lakini biashara ya mkaa peke yake haijawahi kumaliza mathenge, anayekata kwa mkaa anataka uchipue tena ili arudi kukata.

Swali: Nina bwawa la samaki nje kidogo ya Mwanza. Nimeona gugu maji lina ua zuri, naweza kuweka machache kwa urembo na kivuli cha samaki?

Jibu: Hapana. Hata moja. Gugu maji limetoka Amazoni, ziwani kwetu lilionekana kuelekea mwaka 1990, na likipata joto na maji yenye virutubisho linajizidisha mara mbili ndani ya wiki moja au mbili. Bwawa lako linafunikwa, hewa kwenye maji inaisha, samaki wanakufa, alafu mvua kubwa inalimwaga kwa mwenzio. Ziwani liliwahi kupungua sana baada ya kuachiwa wadudu wanaolitafuna, fukusi wa Neochetina, miaka ya 1990, lakini halikuisha na unaliona linavyorudi kila mara. Unataka urembo weka yungiyungi, ni wa hapa hapa. Tofauti yake ni rahisi: yungiyungi umeota chini kwenye tope na jani limelala juu ya maji, gugu maji linaelea lenyewe na kikonyo cha jani kimevimba kama puto, ukikikata ndani ni sponji.

Swali: Daktari, watoto wa jirani yangu hapa Nakuru walichuma mnavu shambani wakapika, jioni mmoja akaanza kuongea vitu havieleweki, macho yamekuwa makubwa, anaona watu ambao hawapo. Hospitali wamemsaidia. Kuna mnavu wenye sumu?

Jibu: Namshukuru Mungu walimuwahisha. Dalili hizo, mdomo mkavu, mboni kutanuka, mwili wa moto, kuona vitu visivyokuwepo, ni za mnanaha, ile Datura yenye maua marefu kama tarumbeta. Ukishakua haiwezekani kuuchanganya, tunda lake ni la miiba mitupu na mbegu nyeusi ndani. Hatari iko ukiwa mche, maana unaota katikati ya mnavu na mchicha na mtoto anachuma kila kijani.

Vitu vitatu vya kuangalia. Fikicha jani: mnanaha unanuka vibaya, harufu nzito ya kukera. Tazama ukingo wa jani: una meno makubwa yasiyolingana. Na kama mche ni mdogo sana angalia yale majani mawili ya kwanza kabisa, ya mnanaha ni marefu membamba, ya mnavu ni madogo ya mviringo. Kuna sheria moja ninawaambia akina mama wote: mboga za kuota zenyewe zichumwe na mtu mzima anayezijua, mtoto abebe kapu tu.

Mbegu zake nazo zinaingia kwenye nafaka na soya wakati wa kuvuna kwa mashine au kupura chini. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilikuwa na sumu ya Datura, watu karibu 300 waliugua na watano wakafa. Kwa hiyo peta na chagua, na shambani ng'oa mnanaha kabla tunda halijapasuka. Mtu akiugua mkimbize hospitali na ubebe kipande cha mmea, usihangaike na maziwa wala kumtapisha kwa vidole.

Swali: Mimi niko Muheza. Huku Amani tunaambiwa msizi ni mti vamizi. Mbona ni mti wa Afrika, tena Bukoba uko toka enzi?

Jibu: Swali zuri na una haki ya kuuliza. Bukoba, Uganda, mpaka Kakamega, msizi uko kwao na hausumbui. Usambara Mashariki uliletwa, Wajerumani waliupanda kwenye bustani yao ya Amani mwanzoni mwa karne ya 20, baadae miti mikubwa ilipovunwa msitu ukabaki na mapengo, msizi unakua haraka kuliko chochote, hondohondo wanakula matunda na kudondosha mbegu kila pengo. Kwa hiyo uvamizi hauulizi bara, unauliza kama mti ulikuwa msitu ule au la. Hata ndulele ni ya hapa hapa Afrika, inajaa kwenye malisho yaliyochoka na ina sumu, lakini ndulele sio mgeni, hiyo inakwambia umelisha ng'ombe wengi eneo dogo. Dawa yake ianzie kwenye idadi ya ng'ombe.

Ya haraka haraka sasa, nafasi inaisha.

Wa Kitale aliyeuliza alizeti pori ya maua ya njano inayoota kandokando ya njia: ndio imetoka Meksiko, ndio inavamia, lakini kwa vile ipo, kata majani kabla ya mbegu uyafukie shambani, yana naitrojeni na potashi nyingi, mahindi yatakushukuru. Usiipande mpya.

Dada wa Iringa mwenye uzio wa lantana na ng'ombe wa maziwa: shina la pembe nne lenye vimiiba, jani la kukwaruza, kichwa kimoja cha maua chenye rangi mbili, ndo lenyewe. Ng'ombe akilila ini linaumia, kisha ngozi yake inaungua na jua, hasa sehemu nyeupe, na macho yanakuwa ya njano. Akionesha hivyo mweke kivulini umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Uzio wenyewe ung'oe kidogo kidogo upande kitu kingine, ndege wanaokula yale matunda meusi wanaipanda lantana shamba zima. Ile isiyo na miiba, majani matatu matatu, tunda la zambarau, iache.

Na kaka wa Machakos anayeuliza kama kishona nguo kinaliwa: kinaliwa, majani machanga kabla ya maua, chemsha vizuri umwage maji ya kwanza kupunguza uchungu. Ila sio kile cha pembeni mwa shamba ulilolipulizia dawa wiki iliyopita.